Sahani ya Jogoo

Pale Gwata wengi wanamjua Bi Mboni kwa kinywa chake. Si kwa maneno, ingawa na maneno anayo ya kutosha. Ni kwa kula. Bi Mboni ni mpishi wa shughuli. Iwe harusi, hitima, maulidi, anaitwa yeye, na akifika anakaa kwenye kigoda mbele ya sufuria kama hakimu, kanga kaifunga kifuani, mwiko mkononi, anaonja. Akionja akanyamaza, chakula kimekubali. Akionja akamtazama aliyetia chumvi, huyo aliyetia chumvi aanze kutafuta pa kupita. Mpe muhogo wa kuchemsha tu, atakwambia umetoka shamba la nani na kama mwenye shamba alipalilia au alilala.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kushinda na njaa ugenini, ndani ya nyumba iliyojaa chakula. Na aliyemponza si mtu baki, ni ndugu yake wa tumbo moja. Ngoja lisemwe lote, maana huyo Isihaka huko kwake Kisarawe analisimulia vingine, analikata kichwa na mkia halafu anacheka.

Bi Mboni ana binti mmoja, Tunu. Tunu alikuwa anauza chai na vitumbua Kwala, tangu ilipokuja ile bandari kavu na malori yakawa yanapanga foleni pale. Katika madereva akatokea Jabiri, Mganda wa Masaka, Mwislamu, mpole mpaka unamhurumia. Akaposa. Bi Mboni hakuwa na neno. Mumewe alikwisha tangulia mbele ya haki, na kwetu mjomba ndiye mwenye sauti, kwa hiyo mambo yote akayashika Isihaka, mdogo wake. Nikaha ikafungwa Kisarawe kwa Isihaka, kwa sababu Isihaka alisema nyumba yake ina sebule na ya Gwata inavuja. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwa watu wa ukoo wa Bi Mboni, mama mkwe hali kwa mkwewe. Hanywi maji, hanywi chai, hatii mdomoni punje ya wali, mpaka mkwe ampe sahani. Inakuwa sahani mpya, imefungwa ndani ya kanga, mkwe anaileta mwenyewe au anaipitisha kwa mzee wa upande wa mke. Akishaipokea, kinywa cha mama kimefunguliwa, ale anavyotaka, hata akitaka kulamba sufuria. Na mama haombi. Akiomba amejidhalilisha, na watu watamsema hadi kwa wajukuu. Anangoja. Basi Bi Mboni akangoja. Masika yakapita, Tunu akachukuliwa kwenda Masaka, simu ikaja kwamba Tunu ni mjamzito na anamtaka mama yake, na sahani hakuna.

"Labda kwao hawana sahani," akasema Anifa, jirani yake, siku hiyo wanamenya muhogo.

"Wanakula kwenye nini, kwenye viganja?"

"Basi mwambie Tunu amkumbushe mumewe."

"Nimwambie mtoto wangu akamwambie mumewe mama anataka sahani. Halafu nikitoka hapo nikae barabarani na kopo."

Anifa akaendelea kumenya. Na Bi Mboni akafunga safari hivyo hivyo, akijipa moyo kwamba akifika mlangoni tu, kijana atatoka na sahani. Asipotoka nayo, itabidi arudi kabla ya arobaini. Na mama anayerudi kabla ya arobaini, mtoto wake akabaki kukandwa na watu asiowajua, huyo amekwisha gombana na nyumba ile. Hataitwa tena, na mjukuu atamwona kwenye simu. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa rohoni tangu Kibaha mpaka mpakani Mutukula, si ugumu wa kiti cha basi.

Lakini kabla ya kuondoka alipita Kisarawe kumuaga ndugu yake, maana yeye ana adabu, hata kama wengine hawana. Isihaka akampokea vizuri mno. Mkewe akapakua wali na samaki wa nazi, akamwekea dada mtu kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, katikati imechorwa jogoo mwekundu, upanga wa kichwani umesimama. Bi Mboni akala, akamsukuma samaki pembeni amwangalie yule jogoo.

"Sahani nzuri hii. Mmeipata wapi?"

Isihaka akakohoa. "Zawadi."

"Ya nani?"

"Ya mtu tu, dada. Ongeza wali."

Mkewe akainuka kwenda jikoni, na asirudi mpaka mgeni anaaga. Isihaka akamtilia dada yake korosho mfuko mzima, za njiani, akamsindikiza hadi barabarani, akambebea na begi. Kumbuka hapo. Alimbebea begi.

Masaka ni kilima na migomba, migomba na kilima, na udongo mwekundu unaoshika kwenye pindo la nguo. Nyumba ya Jabiri na ya mama yake zimo kwenye ua mmoja. Huyo mama anaitwa Hajati Namuli, mwanamke mnene, mcheshi, aliyewahi kufanya biashara ya kanga Kariakoo na kurudi kwao na Kiswahili cha sokoni. Akampokea Bi Mboni kwa magoti, akamkalisha kwenye mkeka mpya. Tunu akatoka na tumbo lake, wakalia kidogo, wakacheka. Jabiri hakuonekana. Sauti yake tu ikasikika nyuma ya nyumba: "Shikamoo mama, karibu sana." Bi Mboni akaitikia marahaba ukutani. Akageuza macho mlangoni, akangoja mtu atoke na kanga mkononi. Mtu hakutoka. Akasikia lori linawashwa, likaondoka.

Hajati akaleta chakula. Ndizi zimepikwa kwa mvuke, zimefungwa ndani ya majani ya mgomba. Akazifungua taratibu kama anamfungua mtoto nguo, na moshi ukapanda, ndizi ziko njano, laini, zinakaribia kuzungumza. Pembeni kuna kifurushi kingine cha jani, kimefungwa juu kwa ugwe. Wanakiita luwombo. Akakifungua nacho. Kuku ndani ya mchuzi wa karanga, ameiva kwa jasho lake mwenyewe, hajaonana na maji. Bi Mboni pua yake haidanganyiki. Karanga zimekaangwa kwanza, akajua. Jani limepitishwa motoni kabla ya kufungia. Na humo kuna uyoga wa kukausha. Mate yakamjaa mdomoni ikabidi ayameze kama dawa.

"Karibu, Mama Tunu. Kula, toka jana wewe iko safarini."

Na sahani hakuna. Mwanamke afanye nini. Akisema chanzo, ameomba. Akila, amekula bila kufunguliwa kinywa, kama kuku wa jirani aliyepita mlango wazi. Akanena neno la kwanza lililomjia.

"Nimefunga, Hajati. Nalipa siku zangu za Ramadhani, niliugua."

Uongo ni uongo, hata ukiusemea mbele ya mchuzi wa karanga, na huo ulimgharimu. Hajati akafumba macho kwa kuguswa. Msafiri amepewa ruhusa ya kula, na huyu kafunga. Akafunika chakula kwa heshima, akasema kitafaa magharibi. Magharibi ilipofika Bi Mboni akatoa tende zake kwenye mfuko, akanunua chupa ya maji dukani, akafuturu, akasema yeye jioni hali kizito, tumbo lake limezoea hivyo. Hajati akazidi kuguswa.

Tunu akajifungua salama, mtoto wa kike. Bi Mboni akashika kazi yake. Anachemsha maji, anamkanda mwanawe, anamfunga tumbo, anamwogesha kichanga, anafua, na tumboni ana tende na korosho za Isihaka. Tunu kitandani na uchovu wake anasikia mama kafunga, anasema mashallah. Na Hajati, kwa wema wake, akawa anatangaza. Kila magharibi wanakuja wanawake wa jirani kumwangalia mgeni mcha Mungu wa Tanzania, na kila mmoja anakuja na kifurushi chake cha jani. Huyu wa nyama ya ng'ombe na karanga. Yule wa samaki wa kubanika. Ndizi za kuchoma, viazi, boga. Na dumu la mubisi, maji ya ndizi mbivu waliyoyakamua kwa majani mpaka yakatoka matamu, hayajachacha, halali kabisa. Wanavipanga mbele ya Bi Mboni, wanakula wao, yeye anatafuna tende. Mpishi wa shughuli, anatazama watu wanalamba vidole. Kuna mwanamke mmoja alikuwa anapika luwombo bila kukaanga karanga, na Bi Mboni alijua kwa harufu, na hakuweza kumwambia kitu. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Jabiri akirudi safari anaingilia mlango wa nyuma. Wakikaribia kukutana uani, kijana anakata kona, anaingia kwenye migomba mwili mzima, lidume zima, viatu tu ndivyo vinabaki vinaonekana.

"Mumeo ana nini na mimi?" akamuuliza Tunu.

"Anakuheshimu, mama."

"Ananiheshimu kutoka kwenye migomba."

Tunu akacheka, akadhani utani. Haukuwa utani. Bi Mboni alikwisha amini kwamba kijana anamkwepa kwa sababu ya ile sahani, anajua hajaitoa na hana nia ya kuitoa. Roho ikamchacha. Amemtoa mwanawe wa pekee, amekuja kumlelea damu yake, anamfulia na nepi, na kijana anaona uzito kununua bati.

Korosho zikaisha. Tende zikabaki za kuhesabu. Ndipo mama akawaza vizuri, kwa akili ya njaa, ambayo wakati mwingine ni kali kuliko ya shibe. Mwiko unakataza chakula cha nyumba ya mkwe. Haukatazi chakula cha barabarani. Chakula cha barabarani kina mwenyewe, na mwenyewe si mkwe wake.

Mchana huo Hajati kaenda kwenye kisomo cha wanawake msikitini, Tunu kalala na mtoto. Bi Mboni akajifunika ushungi, akashuka kilima mpaka stendi. Akamkuta kijana ana kikaango cha bapa, anavunja mayai, anakatia kabichi na nyanya, anamimina, anaweka chapati juu, anageuza, anaviringisha kama mkeka. Wanaita roleksi, kama saa. Akanunua moja akala amesimama hapo hapo. Mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akanunua ya pili, akamwambia kijana apunguze kabichi, azidishe kitunguu, na asigeuze mapema. Kijana hakuelewa lugha ila alielewa kidole, na ya pili ikatoka bora kuliko ya kwanza. Pembeni kuna mama anauza senene wa kukaanga kwenye kikombe. Sisi watu wa Pwani tumewacheka Wahaya miaka yote kwa kula panzi. Bi Mboni alikuwa wa kwanza kucheka. Akatazama kikombe, akatazama huku na huku, akachukua mmoja. Wana chumvi, wana kitunguu, wanavunjika mdomoni kama ukoko mzuri wa wali. Akanunua kikombe kizima, akawa anajutia vicheko vyake vya nyuma.

Alikuwa na mguu wa senene kwenye jino pikipiki iliposimama mbele yake. Akashuka Hajati Namuli, na juzuu yake kwapani.

"Mama Tunu."

"Hajati."

"Jua iko juu bado."

"Naliona."

Hajati akatazama roleksi, akatazama kikombe, akatazama mafuta kidevuni. Watu wa stendi wakaanza kugeuka. Hakusema neno jingine pale, mwanamke ana staha. Alitembea mbele, Bi Mboni nyuma, mpaka nyumbani, na kile kikombe hakukiacha, alikwisha kilipia.

Walipoingia chumbani kwa Tunu ndipo Hajati alipofunguka.

"Mimi naita watu kuja kuangalia wewe. Wanapika, wanaleta. Nasema huyu ni mtu ya Mungu. Kumbe chakula yangu iko chafu? Unakimbia jikoni yangu unakwenda kula na makonda, mzazi mwenzangu? Nimekosea wewe nini?"

Tunu akaketi kitandani. "Mama, si umefunga?"

Bi Mboni akafungua begi lake akaanza kukunja nguo, kanga juu ya kanga.

"Mama, unafanya nini? Arobaini bado."

"Narudi Gwata."

"Na mimi nani atanikanda?"

"Akukande mumeo. Akitoka kwenye migomba."

Tunu akaanza kulia, na mtoto akalia, na Hajati naye, ambaye alikuja na hasira zake nzuri kabisa, zikaanza kumponyoka. Tunu akasema ndani ya machozi, "Mama, hujala kwangu hata siku moja. Sasa naona. Hata chai. Kwa nini huli kwangu?"

Hapo ndipo ikamtoka, si kwa kuomba, kwa kupasuka. "Nile kwa kinywa kipi? Nimefunguliwa?"

"Si ulishapewa sahani."

"Sahani gani?"

"Jabiri alitoa siku ile ile ya nikaha. Alimpa mjomba mkononi, mimi naona, na kanga juu yake. Mjomba akasema atakufikishia mwenyewe."

"Sahani gani, Tunu?"

"Ya bati. Ina ukingo wa buluu. Ina jogoo."

Bi Mboni akakaa juu ya begi lake. Akamwona yule jogoo mwekundu katikati ya mchuzi wa nazi. Akamwona Isihaka anakohoa. Ongeza wali, dada. Akamwona na begi begani anamsindikiza, mtu anajua vizuri kabisa huyu mwanamke anakwenda wapi na kinywa chake kimefungwa, anampa korosho. Afadhali angempiga kofi.

"Piga simu," akasema. "Weka sauti kubwa."

Isihaka akapokea kwa furaha. "Dada, shikamoo. Za Uganda?"

"Marahaba. Sahani ya jogoo alikupa nani?"

Isihaka akakohoa.

"Dada, mtandao, sikupati vizuri."

"Unanipata."

"Ile, ile nilikuwa nakutunzia."

"Ukanitunzia mpaka ukanipakulia samaki."

"Mke wangu aliipenda tu, dada, nikasema ikae kidogo. Halafu ikapita muda, nikaona aibu." Kisha akapata wazo, na unasikia kabisa anavyolifurahia. "Lakini si umeilia? Umekula juu yake mwenyewe, kwa mkono wako. Basi kinywa kilishafunguka siku ile. Umejifungisha bure tu huko."

Mtu aliyeiba sahani, na bado anataka ashukuriwe.

"Isihaka, nilikula kwako nikiwa mgeni wako, samaki wako, wali wako. Jina la mkwe wangu hukulitaja, nilipokuuliza ukasema ni zawadi ya mtu tu. Ulichonifungulia wewe siku ile ni macho, na yamechelewa. Kanga yangu iko wapi?"

"Kanga imechakaa, dada."

"Imechakaa mwilini mwa nani?"

Simu ikakatika. Akisema mtandao tena, ni shauri lake.

Hajati alikuwa amesikia lote, na alilolielewa lilimtosha. Akajishika kichwa, akaanza kucheka, cheko la mtu anayeona msiba ulivyokuwa mdogo. "Mama Tunu. Na wewe ulidhani kijana yangu anakukimbia kwa nini?"

"Kwa sababu ya sahani."

"Hapana. Kwetu mkwe hakai na mama ya mke wake. Hagusi yeye, haangalii yeye usoni. Wakikutana njia moja, mtu anaingia shambani. Wakigusana wanapata ugonjwa, mikono inatetemeka mpaka uzee. Jabiri anaogopa atakupa ugonjwa. Ndiyo sababu alipitisha kwa huyo mjomba. Angekuja kwako mwenyewe, lakini ni mwiko."

Kwa hiyo yule alikuwa migombani kwa adabu na huyu alikuwa na njaa kwa adabu, na kati yao amekaa mwizi mmoja Kisarawe anakula kwenye bati. Bi Mboni akamfikiria kijana wa watu alivyokuwa akimsema moyoni, akaona haya, lakini kidogo. Hasira zote alimhifadhia Isihaka.

"Basi safari hii sitaki mzee wa kupitishia," akasema. "Wazee nimewaona. Nataka mkono wake."

"Kugusa hapana."

"Sijasema nimguse. Nimesema niuone."

Jabiri alipoambiwa, hata chai hakumaliza. Akaenda sokoni akarudi na sahani ya bati, hii haina jogoo, ina maua, na doti ya kitenge kwa kuwa kanga hakuzipata. Hajati akatundika pazia kwenye mlango wa sebule. Bi Mboni akakaa upande huu kwenye mkeka, Jabiri akapiga magoti upande wa pili. Akapitisha mkono chini ya pazia. Ulikuwa mkono wa dereva, mpana, una kovu la moto kwenye kifundo, na ulikuwa unatetemeka kabla hata ya ugonjwa, sahani inagonga sakafu kwa mlio mdogo mdogo. Bi Mboni akashika pindo la kitenge, si kidole, akaivuta kwake taratibu.

"Mama, nisamehe," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Nilidhani imefika."

"Huna kosa, baba. Mwenye kosa ana anwani yake."

Hajati akafungua luwombo juu ya ile sahani. Wote wakamtazama, Tunu mlangoni na mtoto begani, wanawake wa jirani dirishani, maana habari za stendi zilikwisha panda kilima kabla yao, na waliokuja kumwangalia mcha Mungu sasa walikuja kumwangalia mlaji. Akamega ndizi, akachovya, akatia mdomoni, akafumba macho. Nyama ikaachia mfupa bila kuombwa. Ule uyoga una ladha ya moshi wa jikoni kwa bibi. Karanga zinakuja nyuma, nzito, zinakaa. Akanywa mubisi, wa baridi, mtamu, akashusha kikombe na kupumua kama mtu aliyetua kuni. Akala tena. Hakuzungumza na mtu mpaka jani likabaki jani.

"Iko namna gani?" akauliza Hajati.

Bi Mboni akajifuta mdomo. "Chumvi ulitia wewe?"

"Mimi."

"Imezidi kidogo."

Hajati akaangua kicheko akajipiga paja, na toka siku hiyo wakawa jikoni pamoja, huyu anamfundisha mwenzake kufunga jani lisivuje, mwenzake anamfundisha kutoa tui zito. Yule mwanamke wa karanga mbichi aliambiwa ukweli wake siku ya pili yake, mbele ya watu, na kwa faida yake. Senene waliletwa nyumbani kwa kikapu. Bi Mboni akakaa arobaini yote ikatimia, akanenepa, mtoto akaitwa Mboni, na Jabiri akaendelea kuingia migombani kwa heshima zake. Tofauti ni kwamba sasa mama akiona viatu anavisalimia.

Aliporudi hakwenda Gwata kwanza. Alishuka na begi lake akaenda moja kwa moja Kisarawe. Hakukaa. Alipita mpaka kabatini, akachukua sahani ya jogoo, ilikuwa na mabaki ya maharage, akayamwagia kuku uani, akaisuuza, akaitia kwenye begi.

"Dada, kunywa basi hata maji," akasema Isihaka.

"Kwako sinywi. Kinywa changu kwako nimekifunga. Ukitaka kukifungua unajua kinavyofunguliwa."

Isihaka akacheka, akadhani hasira zitapoa, amezoea dada yake kupoa. Hakwenda Gwata na sahani, wala hata na kikombe. Ikafika harusi ya binti yake, na mpishi atamtoa wapi kama Bi Mboni? Akamwita, na Bi Mboni akaja, kwa sababu binti hana kosa. Akakoka moto, akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya korosho, akatia nyama, akatia viungo, akatia mchele, sufuria kubwa mbili. Watu wakasubiri anyanyue mwiko aonje kama kawaida yake. Hakunyanyua. Isihaka akaja mwenyewe na kijiko, kavaa kanzu mpya ya baba wa bibi harusi.

"Dada, onja, wageni wamekaa."

"Kwako sionji."

"Utajuaje imekolea?"

"Sitajua."

Pilau ikapakuliwa hivyo hivyo. Wageni wa upande wa mume wakala wanatazamana, mpaka mzee mmoja akauliza kwa adabu kama kuna chumvi. Jikoni haikubaki hata chembe, kifuko kilikuwa na chumvi kidogo tu, na yote iliishia kwenye nyama. Baba wa bibi harusi akatoka na kanzu yake, kwa miguu, juani, kwenda dukani kununua chumvi, na wageni wanamwona dirishani anavyokwenda.

Sahani hajaleta mpaka leo.